Jibu: Kuhamisha riwaya kutoka Writer kwenda Scrivener

Ndugu, umeuliza kama uhamishe riwaya yako ya sura 40 kutoka LibreOffice Writer, programu ya bure ya kuandikia hati, kwenda Scrivener, programu ya kulipia ya kuandikia vitabu. Kama kinachokusumbua ni kupangua na kupanga upya matukio, hamia. Ndani ya Scrivener kila tukio linakuwa na kadi yake. Unaiburuta kadi ya 12 hadi juu ya ya 5, na maandishi yake yote yanahama nayo. Kabla ya kukata aya unayoipenda, unahifadhi nakala ya kipande hicho, na ukijuta unairudisha. Hilo limeniokoa mara nyingi mno.

Ila kutoa faili la mwisho kuna mipangilio mingi inayochosha, tenga siku ya kujifunza. Pia mradi wake ni folda yenye mafaili mengi, kwa hiyo usiufungue kwenye kompyuta mbili kwa wakati mmoja kupitia Dropbox (huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni), mradi unaweza kuharibika.

Mhariri wako akitaka kufuatilia mabadiliko anayoyafanya kwenye maandishi, hapo Writer inaishinda Scrivener kabisa. Halafu umeshajaribu kubonyeza F5 humo ndani ya Writer? Inafungua Navigator, orodha ya vichwa vya hati yako. Kama vichwa vya sura umeviwekea mitindo ya vichwa (Heading), unahamisha sura nzima kwa kuburuta kichwa chake humo, bila kulipa chochote. Scrivener yenyewe inakupa siku 30 za majaribio, na inahesabu siku unazoitumia tu.