Re: Nimeuza kiwanja Kigamboni, marafiki wamejaa ghafla

Pole ndugu yangu, nimekusoma, umeuza kiwanja na sasa washkaji wanapiga simu kila siku, kusema hapana unashindwa. Mi yalinikuta, nilipolipwa mafao nikawa nalipia meza nzima baa za Sinza, hela zilipokata aliyekuja geto na kilo mbili za unga na mafuta ya kupima ni jamaa mmoja tu ambaye hajawahi kuniomba hata mia.

Hela nyingi peleka UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, au fiksidi benki, yaani inafungiwa kwa muda, ukiombwa useme kweli huna mkononi. Anayekopa mpe ambayo hata asiporudisha hamgombani, ikiwa kubwa andikishianeni kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wawepo. Kumdhamini mtu mkopo usisaini kabla hujamwona mwanasheria. Ila usiwanunie wote, soda wikiendi nunua tu.