Usiishie kwenye kura

Mwanangu Rehema,

Umealikwa kwenye kundi la kupiga kura la IEEE, chama cha wahandisi wa umeme na elektroniki kinachoandika viwango, na unauliza kiwango kipya cha kiufundi hupita kwa kura ngapi. Asilimia 75 ya wanakundi warudishe kura. Kati ya ndiyo na hapana, ndiyo zifike asilimia 75. Wasioegemea popote wasifike asilimia 30. Hapana isiyo na maoni haihesabiwi kama hapana. Yenye maoni lazima ijibiwe, na rasimu ikibadilika inarudi kupigiwa kura. Ndiyo maana nasema kila siku: hapana moja yenye sababu inazidi ndiyo kumi za adabu. Mabishano ya baba zako wadogo na kile kiwanja cha Muheza unayakumbuka.

Ila mimi kura haininyimi usingizi kama kinachofuata, pale mtu anapoandika kuuliza kifungu kina maana gani. Lile la Hydrolevel, kampuni ya vifaa vya usalama wa boila, linanikera mpaka leo. Kanuni ya boila ya ASME, chama cha wahandisi mitambo wa Marekani, kifungu HG-605, inataka kifaa cha kukata mafuta maji yakishuka hadi mwisho wa chini unaoonekana kwenye kioo cha kupimia. Hydrolevel waliweka kifaa kinachosubiri kidogo, maana maji ya boila huyumba na kisichosubiri huzimazima moto bure. Mwaka 1971 wakawapokonya McDonnell & Miller, wakubwa wa soko hilo, mteja mnono. Makamu wa rais wa McDonnell & Miller ndiye aliyekuwa makamu mwenyekiti wa kamati ndogo ya ASME inayohusika na kifungu hicho. Swali kwa ASME, kama kifaa kinachosubiri kinaruhusiwa, likatungwa na yeye na mwenyekiti wake wakiwa pamoja, na jibu akaliandaa mwenyekiti huyohuyo! Likaitwa jibu lisilo rasmi, hivyo kamati nzima haikuliona, lakini likatoka kwenye karatasi ya ASME. Wauzaji wa McDonnell wakalitembeza kwa wateja: kifaa cha Hydrolevel ni hatari. Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitwika ASME dhima. Hydrolevel walikwisha kuuza mali zao kwa bei ya chakavu.

Basi watu wa viwandani watolewe? Ningependa. Lakini nani mwingine amewahi kukifungua kifaa hicho mara mia? Bila wao tungeandika viwango visivyojengeka.

Mwajiri wako anauza mita zilezile zinazojadiliwa. Ukubali au ukatae, nina langu na mama yako analijua, ila silisemi. Ukikubali, taja mwajiri wako wazi tangu mwanzo, na swali la maana ya kifungu likigusa bidhaa yake, usishike kalamu.

Baba yako