Baraza la wafanyakazi halipandishi mshahara

Hapana mkuu, baraza la wafanyakazi la ofisi yenu ya serikali halina mamlaka ya kupandisha mshahara, kwahiyo kuwalaumu wajumbe eti "wamegoma kutuongezea" ni kuwaonea bure. Baraza ni la kushauri tu, lilianza na agizo la Rais la 1970, mnakaa na menejimenti mnapitia bajeti ya taasisi, mpango wa mafunzo, sare, malimbikizo na vitu kama hivyo. Ngazi za mishahara serikalini zinatoka juu, kwa waraka wa Utumishi (ofisi ya Rais inayosimamia watumishi wa umma), ndo maana ile ya kima cha chini kutoka 370,000 kwenda 500,000 tuliisikia kwa Rais Samia Mei Mosi 2025 kule Singida, ikaanza Julai, haikutoka kwenye kikao cha mtu yeyote hapa Dar. Na ile nyongeza ya 35.1% ilikuwa ya kima cha chini jamani, siyo kila mtu azidishe mshahara wake kwa hiyo namba, wengi hapo ndo wanapochanganyikiwa wakiona salary slip.

Mi nimeshakaa upande wa wafanyakazi kwenye hivyo vikao, mtu anasimama anadai mshahara upandishwe, mwenyekiti anaandika "imepokelewa" tunahamia ajenda ya usafiri wa staff. Mshahara upelekeni kwa chama chenu, TUGHE (serikali kuu na afya) au TALGWU (serikali za mitaa) kutegemea uko wapi, ule mlango wa majadiliano na serikali upo kwenye sheria ya majadiliano katika utumishi wa umma, Na. 19 ya 2003. Ila kama uko kampuni binafsi hii haikuhusu, huko kuna mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri.