Trauti wa mto wa mlimani: mbona hawali majira ya baridi?

SWALI: Majira ya joto huvua trauti, samaki wa maji baridi, kwenye mto wa mlimani bila shida. Baridi hii nimekwenda mara tano na sijapata hata mmoja. Nafika alfajiri na kuvua palepale nilipozoea, kwenye maji ya kasi yanayopita juu ya mawe. Asubuhi mto hujaa barafu laini kama uji, na pete za ufito, zinazopitisha mshipi, huganda. Mara ya mwisho nilingoja mpaka saa tisa alasiri. Jua likawaka, theluji ikaanza kuyeyuka, nikasema sasa watakula. Wapi! Ninakosea nini?

JIBU: Umekosea mahali na umekosea saa, na makosa yote mawili yana mzizi mmoja: unapima hewa badala ya kupima maji. Nunua kipimajoto kidogo, kifunge kamba, kizamishe mtoni kabla hujaunga mshipi. Mimi sivui baridi bila hicho.

Joto la mwili wa trauti hufuata la maji. Maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi, anakula kwa bidii na ana nguvu za kushindana na mkondo. Yakishuka chini ya nyuzi 5, tumbo lake husaga chakula polepole mno, njaa inapungua, na kukaa kwenye maji ya kasi kunamla nguvu kuliko chakula anachokipata huko. Basi anahama. Mawe yale unayoyapenda ameyaacha. Mtafute kwenye vilindi ambako maji huenda taratibu kuliko mwendo wa mtu anayetembea: nyuma ya majabali, kwenye kona za mto, na hasa kwenye mstari ambapo mkondo mkali unapakana na maji tulivu. Mahali pazuri kuliko pote ni penye chemchemi, kwa sababu maji yatokayo ardhini hayabadiliki joto sana mwaka mzima, na baridi ikikaza huwa na joto kuliko mto wenyewe. Utapatambua: ukingo hauna barafu, na majani mabichi yameota majini huku kwingine kote kumekauka.

Trauti wa baridi haachi kula, ila hafuati chakula mbali. Chambo lazima kipite karibu na mdomo wake, chini kabisa, kikielea kwa mwendo wa maji ya chini. Hapa ndipo wavuvi wengi wazuri hushindwa. Maji ya juu huenda kasi kuliko ya chini. Kwa hiyo tazama boya lako na mapovu yanayoelea kando yake. Boya likienda sawa na mapovu, chambo kinaning'inia katikati, hakina faida. Ongeza chubwi, yaani vipande vya risasi vya kuzamisha mshipi, kisha ongeza tena, mpaka boya libaki nyuma ya mapovu kidogo na chambo kiguse mawe mara mojamoja. Kuanzia kwenye boya hadi kwenye chambo, weka mshipi wenye urefu wa mara moja na nusu ya kina cha maji. Usitarajie boya lizame. Litasita tu, kama limekwama kwenye jani. Papo hapo inua ufito.

Chambo chenyewe kiwe kidogo. Wadudu wanaopatikana kwa wingi mtoni baridi yote ni mabuu ya usubi, membamba kama uzi, kwa hiyo chambo bandia cha kufanana nayo kwenye ndoano namba 18 hadi 22 (namba ikipanda, ndoano huwa ndogo) kinatosha. Maji ya baridi huwa maangavu sana. Kipande cha mwisho cha mshipi, kinachofungwa ndoano, kiwe na unene wa milimita 0.12 hadi 0.14.

Sasa saa. Ule uji wa barafu hutokea usiku usio na mawingu, maji yanapopoa chini kidogo ya sifuri na chembe za barafu kuzaliwa ndani ya mkondo. Nyingine hunasa kwenye mawe ya chini, na jua likitoka hubanduka na kushuka na mto. Mpaka uji huo uishe huvui kitu, hivyo alfajiri lala. Anza saa tano asubuhi. Lakini kaa na kipimajoto, maana jua likiyeyusha theluji, vijito vya pembeni humwaga maji yenye nyuzi sifuri ndani ya mto, nao mto hupoa wakati hewa inapata joto. Hicho ndicho kilichokupata saa tisa. Siku ya mawingu, isiyo na upepo, ambayo maji yamepanda hata nyuzi moja tu, ni bora kuliko siku ya jua kali.

Pete zikiganda, chovya ufito majini. Usivunje barafu kwa vidole, utavunja ncha ya ufito.

Kuna mambo matatu nakusihi. Trauti wa kahawia hutaga kuanzia vuli hadi mwanzo wa baridi, na mayai hukaa ndani ya changarawe kwa miezi kadhaa. Ukiona kiraka cha changarawe safi, nyeupe kuliko ile inayokizunguka, usikikanyage, na samaki waliosimama juu yake waache. Angalia pia kama sheria za mto wako zinaruhusu kuvua majira hayo. Hewa ikiwa chini ya sifuri, usimtoe majini samaki unayetaka kumrudisha, kwa sababu matamvua yake huganda haraka. Mfungue ndoano akiwa ndani ya maji, kwa mikono iliyolowa.

La tatu ni wewe mwenyewe. Ukivaa suruali ya mpira inayofika kifuani, kaza mkanda kiunoni ili maji yasijae ukianguka. Soli za sufu iliyobanwa hushika theluji na kukuinua juu ya tonge la barafu, kwa hiyo vaa soli za mpira zenye misumari. Ukitumbukia, dakika ya kwanza utahema bila kujizuia, na baada ya dakika kama kumi vidole havitashika kitu. Nguo kavu ziwe ndani ya mfuko usioingiza maji, kando ya mto na si kwenye gari, na usiende peke yako.