Nimepata alama 13, je, ni sonona?

Maswali mengi ya wasomaji safari hii yamehusu madodoso mawili yanayozunguka kwenye simu: PHQ-9 la kupima ukali wa sonona na GAD-7 la wasiwasi.

Nimejaza PHQ-9 nikapata 13. Ndiyo nina sonona? – Fundi cherehani, Morogoro

Una sababu ya kumwona mtaalamu. Jina la ugonjwa bado. Dodoso lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 5 dalili ni kidogo, 10 ni za wastani, 15 zimekolea, 20 ni kali. Lakini upungufu wa damu au tezi ya shingo yenye hitilafu nayo huleta uchovu na usingizi mbovu, alama zikapanda. Mganga atakuuliza pia kama umewahi kupitia siku za kuchangamka kupita kiasi, hulali na wala huchoki, maana hapo tiba hubadilika.

Chini ya yale tisa kuna swali jingine lisilohesabiwa, na wengi huliruka: dalili hizi zimekukwamisha kiasi gani kazini, nyumbani na kwa watu? Mimi huanzia hapo. Mafundi wawili wanaweza kuwa na 13 hiyo hiyo. Mmoja anakabidhi sare za shule siku aliyoahidi. Mwenzake vitambaa vya wateja vimelundikana tangu mwezi jana na simu hapokei. Huyu wa pili simwambii akapumzike kidogo, namtaka kliniki wiki hii. Wewe ni yupi?

Ramadhani usingizi unakatika na mchana sili. Nijaze vipi? – Msomaji, Tanga

Jilinganishe na Ramadhani zako zilizopita. Kama ni ratiba tu, usiihesabu. Kama futari iko mezani na haipiti kooni, ihesabu. Na ukiona moyo umekata tamaa, usingoje Idi.

Mama, miaka 67, analalamika mwili kuwaka moto na kichwa kizito. Vipimo safi. Nilimsomea maswali, akapata 2. – Mwanawe, Pemba

Chumbani mlikuwa nani na nani? Mama wa makamo hayo hatamwambia mwanawe wa kiume, mkwe akiwa mlangoni, kwamba anajiona hana maana. Mwombe muuguzi wa kike amsomee faraghani, polepole, kwa Kiswahili cha kwao. Halafu wewe mweleze mganga yale unayoyaona: ukili wa kushonea mikeka ameuweka chini tangu lini? Shughuli za arusi anakwenda, au siku hizi anatuma mchango tu? Watu wengi huanza kuisema sonona kwa mwili, na hilo si uongo wala deko. Kwa mgonjwa wa namna hii naamini zaidi maelezo hayo kuliko ile 2.

Moyo unanienda mbio nikikumbuka rejesho la mkopo wa kausha damu. Wasiwasi umezidi? – Mama lishe, Mbagala

Deni hilo lingemtia hofu yeyote, na hakuna kidonge cha kulilipa. Angalia siku ukisharejesha: unalala? Au wasiwasi unahamia kwa mtoto shuleni, kisha kwa wateja, kisha kwa kichomi kidogo cha ubavuni, na huwezi kuuzuia? GAD-7 ina maswali saba, jumla 21. Ukifika 10 nenda ukapimwe vizuri, ukifika 15 usikawie. Moyo kwenda mbio pamoja na maumivu ya kifua ni jambo la hospitali kwanza, dodoso baadaye.

Mdogo wangu wa chuo alipata 6 tu, ila swali la tisa alijibu "siku kadhaa". – Dada mtu, Nakuru

Isahau hiyo 6. Swali la tisa linauliza kama mtu amewaza kwamba afadhali afe, au kujidhuru. Jibu lolote lisilo "hapana kabisa" linataka mazungumzo leo, hata kama mengine yote ni sifuri. Kaa naye pembeni umuulize waziwazi: umewaza kujiua? Umepanga namna ya kufanya? Ni lini? Kuuliza hakumpandikizii wazo. Wengi huona ahueni kwamba hatimaye kuna aliyethubutu. Akisema amepanga, asiachwe peke yake hata kwenda msalani kwa muda mrefu. Mpelekeni hospitali iliyo karibu, usiku uwe usiku. Vidonge na dawa za shambani zifungiwe mahali asipofika. Akisema hana mpango, bado aonane na mshauri au daktari, na usitosheke na ahadi yake kwamba yameisha. "Na dini yote hiyo uliyosoma!" ni maneno ya kumeza, ukiyatamka, kesho hatakuambia kitu.

Nilikuwa 18, baada ya mwezi wa dawa nipo 11. Niache? – Dodoma

Hapana. Kushuka alama 5 au zaidi kunaonyesha tiba inashika, lakini tunataka chini ya 5. Hata ukifika huko, dawa huendelea kwa miezi kadhaa, kwani ukikatiza mapema sonona hurudi kirahisi, na kuacha ghafla huweza kuleta kizunguzungu na usingizi wa ovyo. Kama kuna kinachokukera kwenye vidonge, iwe tumbo, usingizi au mambo ya chumbani, mwambie daktari hivyo hivyo. Huwa anaweza kubadilisha dozi au dawa yenyewe.