Barua kwa mwanangu: inchi tatu za upindo

Manyatta, Kisumu

Mama,

Ujumbe wako wa Jumapili usiku nimeusoma mara nyingi, nikaona kwa simu sitaumaliza. Nakuita mama kama siku zote, kwa kuwa jina la mama yangu umelibeba wewe, na yeye pia alikuwa na maswali ya kumkosesha mtu usingizi.

Umeniuliza: "Baba, wewe ulijuaje uliumbwa kwa ajili ya nini? Mimi nina miaka 37, benki wamenipandisha cheo, watoto wako shule, na bado naamka nikijiuliza haya yote ni ya nini." Ukaniandikia pia habari za Erikson, yule mwanasaikolojia mliyemsoma chuoni, aliyegawa maisha ya mtu katika hatua nane, ukasema labda umekwama katikati ya mbili.

Nilikuwa na miaka hiyo hiyo 37 kiwanda cha nguo kilipofungwa. Wewe ulikuwa mdogo, nadhani unachokumbuka ni ugali na omena za kila siku. Acha nikueleze upande wangu.

Niliingia kiwandani mwaka 1979 nikiwa kijana wa miaka 21. Baba alikuwa amefariki, wadogo zangu wanne wako shuleni. Nilisimamia mashine za kufuma. Kelele ilikuwa kubwa hata tukawa tunaongea kwa mikono. Uzi ukikatika mashine inasimama, nami naunganisha ncha mbili kwa fundo dogo sana, ukipitisha kidole juu ya kitambaa hulisikii. Kwa fundo hilo nilisifiwa. Lakini ungeniuliza siku zile naishi kwa ajili ya nini, ningekujibu neno moja: karo. Kila mwisho wa mwezi nilihesabu nani kalipiwa na nani bado, na hesabu hiyo ilinitosha. Wa mwisho alipomaliza chuo cha ualimu, nilifurahi mpaka nikalia. Baada ya wiki chache nikaanza kuamka na hicho ulichonieleza, kile kitu kama nyumba iliyohamwa. Sikumwambia mtu.

Mwaka uliofuata kazi yenyewe ikaisha. Mitumba ilikuwa imejaa nchi nzima kwa bei ambayo nguo zetu hazingeiweza, viwanda vikafunga kimoja baada ya kingine, na wengi wetu tulitoka bila malipo yetu ya mwisho. Miezi mingi niliamka saa kumi na moja, nikavaa overoli, nikakaa kwenye kiti mlangoni. Mama yenu ndiye aliyeuza omena. Na ndiye aliyeniambia kwamba usiku nikilala, vidole vyangu vinafunga lile fundo.

Cherehani nayo haikuja kwa ndoto wala maono. Jirani alikuwa akirudi nyumbani kijijini, akaniachia ya kukanyaga, nimlipe polepole. Nikaenda soko la Kibuye, nikaomba kona nje ya banda la mtu, nikaanza kupunguza suruali za mitumba, zile zile zilizoniulia kazi. Nilizichukia kila nilipozishika. Nilishona kwa sababu ninyi mlitaka kula, basi.

Januari ya 2003 elimu ya msingi ikawa bure. Watoto walimiminika shuleni, wengine wakubwa kabisa wakianza darasa la kwanza. Karo iliondolewa, lakini sare bado mzazi alinunua. Akaja mama mmoja na binti wa miaka kama kumi, ana pesa ya sketi moja, na akaniambia wazi nyingine asiitarajie kwa miaka mitatu. Nikakata, nikaacha upindo wa inchi tatu ndani. Kila Januari walirudi. Nafumua mshono kwa wembe, nashusha inchi moja, napiga pasi. Mwaka wa tatu sketi ile ilikuwa na mistari chini: kitambaa kilichokuwa kimefichwa bado buluu ya dukani, kile kilichoona jua kimepauka. Binti aliivaa pale pale bandani, akajigeuza, akaangalia kama magoti yamefunikwa, akacheka. Nikajua kazi yangu ni hii. Nilikuwa nimekaa Kibuye karibu miaka tisa, mwanangu. Miaka tisa naifanya, ndipo nikaijua.

Mwaka 2004 mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret, ana miaka 84, kaptura na soksi ndefu kama wanafunzi wenzake, kwa kuwa alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Sokoni wengine walimcheka. Mimi niliitazama ile kaptura gazetini kwa muda mrefu.

Kwa hiyo huyo Erikson nakubaliana naye nusu. Unasema hatua ya saba ni ya mtu wa makamo, ama awajali wanaomfuata ama adumae. Huko kudumaa mimi mwenyewe nilipitia, nikiwa mlangoni na overoli yangu. Lakini mimi nililea wanaonifuata nikiwa na miaka 21, na kule kujijua anakokuweka ujanani, nimekuja kukupata mvi zimeshaota. Usijihukumu kwa ratiba yake.

Sasa nina 67 na tundu la sindano silioni. Mmoja wa vijana watatu ninaowafundisha ndiye hunitungia uzi. Kitambaa kikiwa mezani namwachia akate yeye, na mkono wangu unawashwa kumnyang'anya mkasi. Kuuzuia mkono huo ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, na ndiyo ninayoamkia.

Sikuambii uache benki. Karo ya wajukuu wangu ni sababu nzuri ya mtu kuamka, usiidharau. Ila mwezi wa tano ulinipigia ukitoka kwa akina mama wa chama chenu hapo Nakuru. Mlikuwa mmesoma mkataba wa mkopo mstari kwa mstari, mmoja wao akaelewa kwa mara ya kwanza riba anayolipa. Uliongea dakika arobaini, hukuniuliza hata dawa zangu za presha, na wewe huzisahau kamwe. Ulipopandishwa cheo ulinipa habari kwa sentensi mbili. Wale akina mama wape Jumamosi mbili kwa mwezi mwaka mzima, hata siku ambazo hujisikii, halafu uniandikie tena.

Mama yenu anawasalimu. Desemba mkija, beba sketi ya shule ya yule mkubwa. Usimnunulie mpya, wala usimpe fundi wa huko aiguse. Niliacha inchi tatu ndani.

Baba yako