Pumzi si mtoto wa pampu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimesoma kwamba "pumzi" limetokana na "pampu", kwa kuwa mapafu huvuta hewa kama pampu. Ni kweli? Na je, kupumua ni kuvuta hewa tu, au na kuitoa?

Jibu: Marahaba. Kupumua ni yote mawili. Kuingiza hewa peke yake ni kuvuta pumzi, kwa kitenzi kilekile cha kuvuta kamba. Kuitoa ni kutoa pumzi, na ukiitoa kwa uchovu au kwa faraja umeshusha pumzi.

Hilo la pampu linaniudhi, maana halichoki kurudi, na jibu limo ndani ya neno lenyewe. Kiswahili kilidondosha "l" nyingi katikati ya irabu: Wachewa wa Malawi husema mvula na njala, sisi mvua na njaa. Basi pumua yetu ni pumula iliyopoteza "l". Pumula ingalipo katika Kichewa, Wazulu wana phumula, Waganda wana wummula, zote kwa maana ya kupumzika. Na puma ya Kichewa ni kupumua na kupumzika pia.

Tena ile "l" haikufutika kabisa. Ukiunda nomino kwa "-i", inachomoza ikiwa "z": nunua, mnunuzi, chagua, uchaguzi, pumua, pumuzi. Kisha "u" iliyofuata "m" ikamezwa, kama mutu ilivyokuwa mtu, ikabaki pumzi. Pumzika nalo limetoka humohumo. Pampu imekuja juzi pamoja na mashine; ingewezaje kuzaa neno ambalo Waganda na Wazulu wanalo, kila mmoja kwa matamshi ya kwao?

Kufanana kwa sauti si ushahidi, na wanaokisia asili kwa sikio wanapotosha wanafunzi. Wengine hukimbilia Kiarabu kwa kila neno. Ni kweli Kiarabu kimetupa neno "nafasi", kutokana na nafas, yaani pumzi: mwenye nafasi ana pa kupumulia. Hapo konsonanti zote tatu zipo, n, f na s, na maana inafuatika. Kwa hiyo anayekuletea asili ya neno muulize: lugha za jirani zinasemaje? Irabu zinaoana? Konsonanti iliyokosekana ilikwenda wapi? Akikujibu "si unasikia zinavyofanana?", usiliandike daftarini.